Kurekebisha Mitumba na Pateni kwa Cherehani ya Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Vipimo vyote hapa ni vya sentimita, isipokuwa palipotajwa kipimo kingine. Ukipima kwa upande wa inchi wa tepu, inchi 1 ni sentimita 2.54, usichanganye pande mbili katika nguo moja. "Akiba ya mshono" ni kitambaa kinachobaki kati ya mstari wa mshono na ukingo uliokatwa. "Pateni" ni michoro ya karatasi ya vipande vya nguo, inayofuatwa wakati wa kukata kitambaa.

## Vifaa na maandalizi

1. Nianze na vifaa gani?

Cherehani inayoshona mshono mnyoofu bila kuruka, mikasi miwili, tepu, chaki, pini, pasi na kifaa cha kufumulia. Mikasi ni miwili kwa sababu mmoja haugusi karatasi kamwe; karatasi hula makali, na mkasi butu hutafuna kitambaa badala ya kukikata. Wembe unaweza kufumua, lakini ukiteleza mara moja umeongeza kazi ya kiraka.

Pasi watu huiona kitu cha mwisho. Sivyo. Kila mshono upigwe pasi kabla mshono mwingine haujapita juu yake. Nguo nyingi zinazoonekana "za kujifunzia" zina mishono iliyonyooka kabisa. Kilichokosekana ni pasi.

2. Cherehani nyeusi ya kukanyaga kwa miguu inatosha?

Inatosha kwa sehemu kubwa ya yaliyo hapa, na kwenye jinzi mara nyingi huishinda ya umeme ya plastiki. Butterfly na Singer za aina hiyo hushona mshono mnyoofu tu, kwa hiyo ukingo usichanike utaupata kwa njia nyingine: mshono wa kujificha (shona ndani kwa ndani milimita 5, punguza, geuza, shona nje kwa nje milimita 7), au kukunja ukingo na kuushonea, au kumpelekea fundi mwenye ovaloki (mashine inayozungushia uzi ukingoni). Kwa fulana, tazama swali la 29.

Gurudumu la mkono lizunguke kuelekea kwako tangu mwanzo. Likirudi nyuma hata nusu mzunguko, uzi hujifunga fundo chini ya kitambaa. Ndiyo maana anayejifunza hukanyaga kwanza bila uzi, mpaka mguu uzoee.

3. Sindano namba ngapi kwa kitambaa gani?

70/10 kwa shifoni na hariri. 80/12 kwa mashati, kanga na bitana. 90/14 kwa kitenge kizito, kitani na suruali za kawaida. 100/16 kwa jinzi. 110/18 pale tabaka za jinzi zinapolundikana. Ukisikia sindano inapiga "tok, tok" kila inapoingia, imekuwa butu. Ibadilishe hata kama haijavunjika.

Sindano ya nyumbani ina shina bapa upande mmoja. Nyingi za kiwandani ni mviringo na hazifai hapa. Mfereji mrefu wa sindano uangalie upande ambao uzi unaingilia tunduni, ubapa uwe upande wa pili.

4. Ni lazima nifue kabla ya kukata?

Ndiyo, mtumba na kitambaa kipya pia. Pamba ambayo haijafuliwa inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5: gauni la sentimita 100 linapoteza 3 mpaka 5, na upindo ulioupima vizuri unapanda juu ya magoti. Kitenge kipya kiloweke mpaka wanga wa kiwandani utoke. Ugumu ule ukiisha ndipo utajua kama kitambaa kina uzito au ulikuwa unanunua wanga.

Chumvi na siki hazishikishi rangi ya nguo iliyokwisha kutoka kiwandani. Inayochuja, ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe safi, kabla hujaiunganisha na kitambaa cheupe.

## Kuchagua mtumba

5. Nikague nini nikiwa bado sokoni?

Inua nguo dhidi ya mwanga, hasa mapajani na matakoni kwa suruali, viwikoni kwa shati. Pakionekana kama chachi, nyuzi zimekwisha, na hakuna mshono utakaoshika hapo. Vuta lastiki: ikitoa mlio wa kukatikakatika au isirudi, imekufa (si kasoro kubwa, lastiki hubadilishwa). Madoa ya kwapa yaliyokauka na kuwa magumu huwa hayatoki, lakini kama unakusudia kukata mikono hayakuhusu.

Kisha geuza ndani nje. Hapa ndipo wengi hawaangalii, nako ndiko kuna thamani. Akiba ya mshono ni kiasi gani? Kuna bitana? Mishono ya kiuno imeshonwa mara ngapi? Iwe ni Karume, Gikomba au meza ya mtaani kwenu, mwenye mali hatakuzuia kugeuza nguo ndani nje.

6. Nitajuaje ni pamba kweli?

Chomoa nyuzi chache kutoka ndani ya mshono, zishike kwa koleo juu ya beseni la maji na uziwashe. Pamba na kitani hunuka karatasi iliyoungua na huacha jivu laini. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua, na mabaki yake husagika kwa kidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili mbili pamoja. Kichukulie kama poliesta unapopanga joto la pasi.

7. Nichukue kubwa nipunguze, au ndogo niongeze?

Kubwa, lakini si kubwa ovyo. Chagua kwa mabega. Kiuno, ubavu, urefu na upana wa mkono vinarekebishika nyumbani. Mabega yanadai kung'oa mikono na kukata upya tundu lake (swali la 12). Nguo inayokaa vizuri mabegani na kupwaya kwingine kote ni bora kuliko inayobana kiunoni vizuri huku mabega yakianguka. Kwa suruali na sketi, chagua kwa nyonga.

## Kupunguza

8. Nikitaka kupunguza sentimita 4, nishone ndani sentimita ngapi?

Moja. Kosa hili ndilo linaloharibu nguo nyingi kuliko yote. Ukiingia sentimita 1 kwenye mshono wa ubavu, umeondoa 1 mbele na 1 nyuma, yaani 2. Mbavu ni mbili: jumla 4. Aliyeingia sentimita 4 kila upande ameondoa 16, na akiwa amekwisha kukata hana pa kurudi.

Hesabu: kiasi cha kuondoa, gawanya kwa idadi ya mishono, kisha gawanya kwa 2. Ukitumia mshono mmoja tu wa nyuma, sentimita 4 ni kuingia 2.

Kwanza piga bandi (mshono wa muda) kwa mkono au kwa mshono mrefu wa milimita 4, vaa, kaa kitini, inua mikono. Ndipo ushone kwa milimita 2.5. Kukata ni hatua ya mwisho.

9. Nawezaje kulibana shati la kiume lisionekane gunia?

Livae ndani nje ukiwa umefunga vifungo, mwenzako abane kwa pini pande zote mbili. Chora mstari mmoja unaoanzia upindoni, unapita kwapani na kwisha taratibu mkononi, karibu na kiwiko. Mstari ukiishia kwapani ghafla, utapata kona inayovuta na mkono utabaki mpana kama mbawa.

Acha angalau sentimita 8 za kupumulia kifuani juu ya kipimo cha mwili kwa kitambaa kisichovutika. Kama mgongo bado umejaa, ongeza dati mbili nyuma (dati ni mkunjo ulioshonwa unaoishia kwa ncha; hizi zina ncha mbili na ni pana kiunoni): kila moja iwe umbali wa sentimita 9 au 10 kutoka katikati ya mgongo, urefu 28 hadi 30, ikila jumla ya 2 hadi 3 pale kiunoni. Mwishoni usirudishe mshono nyuma. Acha nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono, vinginevyo ncha hufanya kibonge.

10. Jinsi ya kufupisha jinzi na kubakiza upindo wake wa asili?

Tuseme unapunguza sentimita 6.

Kunja mguu wa suruali kwa nje, mpaka umbali kutoka mkunjo hadi ukingo wa juu wa upindo wa asili uwe 3, yaani nusu ya unachopunguza. Upindo wenyewe usiuhesabu. Bana kwa pini ukilinganisha mishono ya pembeni. Shona kuzunguka, ukigusa kabisa ukingo wa upindo wa asili bila kuupanda. Jaribu kuvaa. Kata ziada ukiacha sentimita 1.5, malizia ukingo, geuza upindo chini, piga pasi kwa nguvu, kisha pitisha mshono juu kushika akiba ili isisimame.

Tatizo huwa pale mishono ya pembeni inapokutana: tabaka hufika nane au zaidi, mguu wa cherehani unainama, sindano inavunjika. Gonga pale kwa nyundo ukiwa umeweka kitambaa juu, sindano iwe 100/16 au 110/18, na weka kadibodi iliyokunjwa nyuma ya mguu wa cherehani ili ukae sawa. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka uvuke.

11. Kiuno cha suruali ni kikubwa, nyonga ni sawa.

Punguza katikati ya nyuma. Fumua lupu ya mkanda, kisha kipande cha kiuno sentimita 8 kila upande, kisha mshono wa matako kushuka mpaka pale panapokutosha. Shona mstari mpya unaoungana na wa zamani kwa mteremko, kata kipande cha kiuno katikati, ukiunge upya, rudisha lupu. Kwa njia hii ondoa 4 mpaka 5 tu; ukizidisha, mifuko ya nyuma inasogeleana na macho yote yanaenda hapo.

Usipotaka kufumua: toboa upande wa ndani wa kiuno karibu na kila ubavu, pitisha lastiki ya sentimita 2.5 kwa nyuma, ivute mpaka ikutoshe, shona ncha zake na ufunge matundu. Kwa mtoto anayekua hii ndiyo njia.

12. Na mabega?

Yakianguka sentimita 2 au zaidi nje ya mfupa wa bega kwenye shati au gauni, ng'oa mkono sehemu ya juu tu (acha kwapani pakiwa pameshikana), chora ukingo mpya kutoka begani ukiungana na wa zamani katikati ya tundu, kata, rudisha mkono. Kwapani usiguse, la sivyo mkono hautatosha tena tundu.

Koti la suti lenye pedi na bitana, mpelekee fundi. Kuna kitambaa cha gundi, pedi, utepe wa kushika tundu na bitana, vyote vikikutana mahali pamoja.

13. Nimeshusha upindo, mstari wa zamani unaonekana. Unatoka?

Kama ni mkunjo tu, loanisha kwa siki nyeupe sehemu 1 na maji sehemu 2, weka kitambaa juu, piga pasi ya moto unaostahimiliwa. Jaribu kwanza ndani. Kama ni mstari uliopauka, kama ilivyo kawaida kwenye jinzi, hautoki kwa chochote. Ufiche kwa utepe, kwa mshono wa mapambo, au ufanye mistari mingine mitatu sambamba ili ionekane ulikusudia.

## Kupanua

14. Nguo inanibana. Kuna kitu ndani cha kuongeza?

Fulana na mashati ya kiwandani huwa na akiba ya kama sentimita 1 iliyopitishwa ovaloki. Hapo huna kitu. Suruali za suti za kiume ni tofauti: nyuma ya kiuno mara nyingi kuna akiba ya 2.5 hadi 4 kila upande, iliyoachwa makusudi. Kabla ya kuhesabia akiba hiyo, angalia kama rangi ya ndani ni sawa na ya nje. Iliyofichwa mshononi haikuona jua.

15. Kama akiba hakuna?

Weka taharizi na kikwapa. Mafundi wa kanzu wa pwani hufanya hivi tangu zamani: badani (kipande cha kiwiliwili) mbele na nyuma hukatwa nyoofu, taharizi huongezwa mbavuni kutoa upana, na kikwapa huwekwa chini ya mkono ili mtu ainue mkono bila kuinua kanzu yote.

Shati linahitaji sentimita 10 zaidi? Kila ubavu upate 5. Fumua mshono mmoja mrefu kutoka upindoni, kupitia kwapani, mpaka mwisho wa mkono. Kata kipande kirefu kama mshono huo: upana 7 (5 na akiba ya 1 kila upande) kutoka upindoni hadi kwapani, kisha kipungue polepole mpaka 4 mwisho wa mkono, yaani 2 zikishashonwa. Kikatwe kufuata mtande, yaani nyuzi za urefu wa kitambaa, kisije kikalegea. Shona upande mmoja wote, piga pasi, kisha wa pili.

Kama upana unatosha na tatizo ni kuinua mikono tu, kikwapa peke yake kinatosha. Kata mraba wa 10 kwa 10, fumua kwapani sentimita 8 kila upande wa makutano ya mishono, uweke mraba kama almasi. Anza na umalize kila mshono sentimita 1 kutoka kona. Ukishona mpaka ukingoni, kona zinakunjamana na hazitanyooka hata kwa pasi.

Kuhusu rangi: kitambaa kinachokaribia kufanana huonekana kosa. Ama kifanane kabisa, ama kitofautiane waziwazi. Kitenge kwenye shati jeupe kinaeleweka; jeupe la maziwa kwenye jeupe la theluji halieleweki.

16. Vifungo vya kifuani vinaachana.

Vikiachana kidogo, shonea kishikizo cha kubonyeza katikati ya vifungo viwili, ndani, kisionekane. Vikiachana ukiwa umesimama tu bila kunyoosha mikono, shati ni dogo: rudi swali la 15. Kama unashona jipya kwa pateni, tazama swali la 24.

## Kugeuza kuwa kitu kingine

17. Shati la kiume linaweza kuwa gauni la mtoto?

Linaweza, na ni kazi nzuri ya kwanza kwa sababu upindo na tundu za vifungo vimekwisha kushonwa.

Kata shati kwa mlalo chini ya makwapa. Kutoka hapo hadi upindoni, shati la mtu mzima hutoa kama sentimita 45 hadi 50, za kumtosha mtoto wa miaka minne au mitano. Pima mtoto mwenyewe. Ondoa kifungo kilicho ndani ya sentimita 4 za juu na ushone mbele pafungane hapo, kwa sababu cherehani haipandi juu ya kifungo. Kunja ukingo wa juu milimita 5, kisha sentimita 2, shona ukiacha mlango wa 3. Pitisha lastiki ya sentimita 1 iliyo fupi kwa 2 au 3 kuliko kifua cha mtoto. Mikono ya shati itoe mikanda ya mabega: vipande vya 8 kwa 40, vikunjwe mara nne, vishonwe.

Kabla ya kuvisha, vuta kila kifungo. Kilicholegea mtoto atakiweka mdomoni.

18. Jinzi kuwa sketi, kwa nini mbele hutokea kibonge?

Kwa sababu mshono wa mbele umepinda kwa ajili ya miguu miwili. Fumua mshono wote wa ndani ya miguu, kisha panda mbele mpaka sentimita 2 au 3 chini ya zipu, na nyuma panda mpaka kitambaa kilale chenyewe mezani, mara nyingi 10 au zaidi. Pandisha upande mmoja juu ya mwenzake bila kuulazimisha, shona juu kwa mishono miwili. Pembetatu inayobaki kati ya miguu ijaze kwa kitambaa ulichokata chini, mtande ukiwa wima. Kibonge kikibaki, bado hujafumua vya kutosha.

19. Mashuka ya mtumba yana kazi gani?

Kujaribia pateni. Shuka moja la kitanda kikubwa hutoa gauni zima la majaribio. Mbali na hapo, hufanya bitana nzuri na utepe wa mshazari. Yenye poliesta nyingi hayafai kwa bitana ya nguo ya joto. Yanakaa kama nailoni.

## Pateni

20. Nachukua saizi gani ya pateni?

Siyo ya dukani. Pima kifua, kiuno na nyonga, soma jedwali la pateni yenyewe, na uchague kwa kifua kwa nguo za juu, kwa nyonga kwa suruali na sketi za kubana. Kisha tafuta kipimo cha nguo ikiwa imekamilika. Tofauti kati yake na mwili wako ndiyo nafasi ya kupumulia.

Angalia pia akiba ya mshono. Pateni nyingi za Marekani zimeshaweka sentimita 1.5 ndani, za jarida la Burda hazina, unaongeza mwenyewe. Anayesahau kuongeza hupata nguo ndogo kwa saizi nzima au mbili.

Pateni ya kuchapisha nyumbani: mwambie wa stesheneri achapishe kwa asilimia 100, bila kuruhusu mashine ibane ukurasa. Chapa kwanza ukurasa wenye mraba wa kupimia, uupime kwa rula. Ukiwa na upungufu wa milimita 2 tu kwa kila sentimita 10, kifua cha 100 kinapoteza 2.

21. Nitarefushaje bila kuharibu umbo?

Usiongeze chini tu. Kata pateni kwa mlalo pale mwili wako ulipo mrefu (kati ya kwapa na kiuno, au kati ya kiuno na nyonga), tenganisha kwa kipimo, bandika karatasi katikati, unganisha mstari wa ubavu kwa mchirizo laini. Fanya vilevile mbele na nyuma. Kufupisha ni kukunja badala ya kutenganisha. Karatasi ya kaki hufaa, hata ile safi ya mfuko wa saruji ikipangusika vizuri.

22. Kiuno changu ni saizi moja, nyonga saizi nyingine.

Chora kutoka mstari wa saizi ya kiuno kwenda wa saizi ya nyonga kwa mkunjo mrefu, si kwa kona. Mkunjo uanze kiunoni na ufike kwenye saizi kubwa pale nyonga zilipo pana, kwa wengi sentimita 18 hadi 22 chini ya kiuno. Pima mwili wako, pateni haikujui.

23. Sketi inapanda nyuma na upindo hauko sawa.

Matako yanakula urefu. Kukata upindo wa mbele si dawa, kwa maana mikunjo ya mlalo chini ya kiuno itabaki. Kwenye kipande cha nyuma, chora mstari wa mlalo kwenye nyonga, ukate kuanzia katikati ya nyuma mpaka karibu na ubavu bila kuukata. Fungua katikati 2 hadi 3. Mstari wa katikati utakuwa umepinda: unyooshe, na kilichoongezeka kiunoni kikiingize kwenye dati, au ongeza dati ya pili. Ubavu unabaki urefu ule ule, kwa hiyo mbele haiguswi.

Marekebisho haya yanastahili kujaribiwa kwenye shuka kabla ya kitenge.

24. Pateni inatosha kila mahali ila kifuani.

Pima mara mbili: juu ya kifua, tepu ikipita chini ya makwapa na juu ya matiti, na kifua kamili. Pateni nyingi za magharibi zimechorwa kwa tofauti ya 5. Ukiwa na 94 na 104, tofauti ni 10. Chagua saizi ya kifua cha 99 (94 na 5), ili mabega na shingo vikae. Zilizobaki ni 5. Nusu yake, 2.5, ndiyo unayoongeza kwenye nusu ya pateni ya mbele.

Weka alama ya ncha ya titi. Chora mistari mitatu: kutoka alama wima hadi upindoni, kutoka alama hadi theluthi ya chini ya tundu la mkono, na kutoka alama hadi ubavuni kupitia katikati ya dati. Kata kutoka upindoni hadi alama na kuendelea hadi karibu na tundu. Kata dati kutoka ubavuni hadi karibu na alama. Sukuma upande wa ubavu nje mpaka kingo mbili za wima zitengane 2.5 sambamba. Dati itafunguka yenyewe. Upindo wa upande wa katikati utakuwa mfupi: kata mlalo chini ya alama, ushushe ulingane. Ncha ya dati mpya iishie 2.5 kabla ya alama, vinginevyo itachoma kama kidole.

25. Naweza kunakili nguo niipendayo bila kuifumua?

Ndiyo. Tandaza karatasi juu ya kipande cha godoro au zulia, weka sehemu moja ya nguo, inyooshe mtande ukiwa wima, toboa kwa pini kando ya mshono kila sentimita 1. Ondoa nguo, unganisha matundu, ongeza akiba ya 1.5. Pima mshono kwa mshono: ubavu wa mbele lazima ulingane na wa nyuma. Nguo inayovutika ikinakiliwa kwenye kitambaa kisichovutika haitapita kichwani.

## Kitenge na kanga

26. Yadi 6 za kitenge zinatosha nini?

Yadi 6 ni kama mita 5.5. Chukua sketi ya duara kamili kama mfano mgumu. Kiuno 75, ongeza 2, gawanya kwa 6.28: nusu kipenyo cha tundu ni 12.3. Urefu 60 na upindo 2, unafika 74 na ushee. Kitenge cha upana wa 112 hakibebi duara la kipenyo cha 149 kwa kipande kimoja, kwa hiyo kata nusu duara mbili, zinazokula kama mita 3, yaani yadi 3.5 ukihesabu akiba. Zinabaki 2.5 za blauzi. Iache sketi ining'inie saa 24 kabla ya kupinda upindo, kwa sababu sehemu za mshazari hushuka zenyewe.

Maua au ndege wenye kichwa juu na miguu chini hukulazimisha kukata vipande vyote kuelekea upande mmoja. Nunua zaidi.

27. Nikate vipi kanga bila kupoteza jina?

Kanga moja ni kama 150 kwa 110, na doti ni mbili. Ina pindo pande zote, mji katikati, na jina juu ya pindo la chini. Panga jina kwanza, mengine yafuate: upindo wa sketi na mgongo wa koti jepesi ndiyo mahali pake, kwani linasomeka kwa mtu anayekupita. Weka mbali na mishono angalau 2, herufi zisimezwe. Pindo la ubavuni linafaa kuwa mkono au kiuno. Na soma jina kabla ya kumshonea mtu zawadi. Mengine ni mafumbo mazito.

## Yanapokwama

28. Chini ya kitambaa kuna vitanzi, juu pako sawa. Bobini ina shida?

Mara nyingi ni uzi wa juu. Toa uzi wote, inua mguu wa cherehani, pitisha upya. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukazia vimebana na uzi hauingii katikati yake. Kisha ndipo uguse skrubu. Ikiruka mishono: badilisha sindano, hakikisha imepanda hadi juu, angalia upande wa mfereji (swali la 3). Mafuta ni ya cherehani peke yake. Ya kupikia huganda na kuifunga mashine.

29. Fulana inakatika uzi nikiivaa.

Mshono mnyoofu hauvutiki. Tumia zigizaga nyembamba, upana milimita 0.5 hadi 1, urefu milimita 2.5, na sindano ya ncha ya duara inayosogeza nyuzi badala ya kuzikata. Kwa cherehani isiyo na zigizaga, vuta kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano unaposhona, tumia uzi wa poliesta, na uridhike na mishono isiyobanwa sana na mwili.

30. Ngozi, makoti ya mvua na sweta?

Ngozi haisamehi: tundu la sindano halizibi. Bana kwa vibanio vya karatasi, si pini; mshono uwe wa milimita 3.5, usirudishe nyuma. Koti la mvua nalo hupitisha maji pale unaposhona, kwa hiyo punguza urefu tu, mabega yaache. Sweta usiikate kabla ya kupitisha mishono miwili ya zigizaga pande zote za mstari wa mkato, la sivyo itafumuka mikononi mwako.

31. Kufupisha mikono ya koti lenye bitana?

Kama vifungo vya mkononi ni vya pambo tu, fumua bitana ukingoni, ng'oa vifungo, panda kwa kipimo, na bitana ibaki ndefu kuliko kitambaa kwa sentimita 1 hadi 1.5 ili mkono usivutwe ndani. Kama vifungo hivyo vina matundu ya kweli, mkono hufupishwa kutoka begani, na hapo soma tena aya ya mwisho ya swali la 12.